Sheria Ndiyo Iliyochora Gari: Kwa Nini Vigari vya Zamani Vilikuwa na Maumbo ya Ajabu

Mwaka 1956, Mjerumani aliyekwenda kununua Isetta ya BMW alitakiwa kuchagua kati ya injini mbili: ya cc 250 au ya cc 300. Kigari chenyewe kilikuwa kilekile. Mlango ni mmoja tu, nao uko mbele usoni. Siti ni moja ya watu wawili. Urefu haufiki mita mbili na nusu. Injini zote mbili zilikuwa za silinda moja, na zote zilihema zikiona mlima. Kwa akili ya kawaida ungechukua ile kubwa. Lakini maelfu ya watu walichagua ndogo, tena kwa makusudi kabisa. Ukijua kwa nini walifanya hivyo, umeshika ncha ya uzi wa hadithi nzima ya vigari hivi.

Jibu liko kwenye leseni. Hadi mwishoni mwa 1954, Ujerumani Magharibi ilikuwa na daraja la nne la leseni ya udereva, lililomruhusu mtu kuendesha chombo cha moto kisichozidi cc 250. Lilikuwa hasa daraja la watu wa pikipiki. Sheria ilipobadilishwa, daraja hilo likashushwa hadi kwenye vipikipiki vya cc 50, ila waliokwisha kuwa nalo hawakunyang'anywa haki yao. Basi kukawa na umati wa watu waliochoka kulowa mvua juu ya pikipiki, wenye familia ya kupakia, ambao wangeweza kuhamia kwenye chombo chenye paa bila kurudi kusomea udereva wala kulipia mtihani mpya. Sharti lilikuwa moja: injini isivuke cc 250.

Hans Glas wa Dingolfing, kule Bavaria, alilielewa soko hilo kuliko wote. Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza mashine za kupandia mbegu, ikaingia kwenye skuta, kisha mwaka 1955 ikatoa Goggomobil, kigari cha matairi manne na viti vinne (vya nyuma ni vya watoto, au vya mtu mzima unayemchukia). Baadaye kilikuja pia na injini za cc 300 na 400. Ile ya 250 iliendelea kutengenezwa hadi 1969, miaka mingi baada ya vigari vingine kufa, kwa sababu wenye leseni za zamani walikuwa bado hai na bado wananunua. Zilitoka zaidi ya Goggomobil 280,000.

Leo mtu akiona picha za vigari hivi hucheka, na anayevieleza mara nyingi huvieleza kama vichekesho: eti wabunifu wa miaka ile walikuwa na ndoto za ajabu. Mimi sikubaliani. Ukikagua kigari kimoja kimoja utakuta kwamba karibu kila kitu kinachokushangaza, iwe tairi lililopungua, mlango uliokosekana, rivasi isiyokuwepo au injini ya kipikipiki, kina kifungu cha sheria nyuma yake, au kiwango cha kodi, au amri ya waliowashinda wenzao vitani. Mbunifu alipewa mipaka, akajaza kilichobaki.

Ufaransa ilianza mapema

Kabla hata ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa na Uingereza zilikuwa na vyombo vilivyokaa katikati ya pikipiki na gari. Bédélia, iliyoanza 1910, ilikuwa na mikanda ya kuzungusha magurudumu ya nyuma na mpangilio ambao sijawahi kuona mtu akiutetea: abiria alikaa mbele, dereva nyuma yake. Mwaka 1920 serikali ya Ufaransa ikaweka daraja rasmi la kodi nafuu kwa vyombo vya namna hii: uzito usizidi kilo 350, viti viwili, injini isizidi cc 1,100. Watengenezaji wakaanza kupunguza. Kila kilo waliyoiondoa iliwasogeza kwenye kodi ndogo, hata kama kilo yenyewe ilikuwa ya breki au ya bodi.

Aliyewaua watengenezaji hao ni Herbert Austin, Mwingereza, kwa kutoa Austin 7 mwaka 1922: gari dogo lakini kamili, silinda nne, breki kwenye magurudumu yote manne. Ukishapata gari la kweli kwa bei inayokaribia, nani atabaki na mikanda? Austin 7 ilitengenezwa kwa leseni huko Eisenach, Ujerumani, kwa jina la Dixi, na mwaka 1928 BMW ikanunua kiwanda hicho. Ndiyo maana gari la kwanza kuuzwa na BMW lilikuwa kigari cha Kiingereza. Wenye BMW za leo hawapendi sana kukumbushwa hilo.

Wahandisi wa ndege wasio na ndege

Baada ya 1945 Ujerumani ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1955. Viwanda vya Messerschmitt, Heinkel na Dornier vilibaki na mashine, na wahandisi waliojua kitu kimoja kwa kina: jinsi ya kutengeneza chombo kisicho na kilo ya ziada. Chuma kilikuwa adimu, fedha ilikuwa adimu zaidi, na watu walihitaji kufika kazini.

Fritz Fend alikuwa mmoja wa wahandisi hao. Alianza na viti vya magurudumu vyenye injini kwa ajili ya majeruhi wa vita waliopoteza miguu, halafu akagundua kwamba oda nyingi zinatoka kwa watu wenye miguu yote miwili. Akaenda kwa Messerschmitt huko Regensburg, na mwaka 1953 ikatoka KR175, kisha 1955 KR200 yenye injini ya Sachs ya cc 191 na nguvu za farasi kama kumi. Watu wawili hukaa mmoja nyuma ya mwenzake chini ya kuba la plastiki angavu linalofunguka kwa ubavu. Usukani si wa mviringo, unafanana na wa ndege.

Hapa kuna uzushi wa kufuta. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba makuba yale yalikuwa masalio ya ndege za kivita yaliyobaki stoo. Si kweli. Fend aliyabuni kwa ajili ya kigari. Ukitaka alama ya ndege itafute kwenye upana: kumkalisha abiria nyuma ya dereva kulifanya uso wa kigari uwe mwembamba, upepo ukapita kirahisi, na injini ile ndogo ikaweza kusukuma zaidi ya kilomita 90 kwa saa.

Na rivasi je? Gia ya kurudi nyuma ina uzito na gharama. KR200 ilikuwa na injini ya mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, na injini za namna hiyo haziulizi zinazungukia upande gani. Dereva alizima injini, akasukuma ufunguo ndani zaidi, akawasha tena, nayo ikazunguka kinyume. Matokeo yake ni kwamba KR200 ilikuwa na gia nne za kwenda mbele na gia nne za kurudi nyuma. Kinadharia ungeweza kurudi nyuma kwa mwendo uleule wa kwenda mbele. Sipendekezi.

Kleinschnittger wa Arnsberg, kwenye kigari chake cha F125, alitatua tatizo hilohilo kwa njia ya kibabe zaidi: hakukuwa na rivasi ya aina yoyote. Kigari kilikuwa na kilo kama 150, basi unashuka, unakinyanyua kwa nyuma, unakigeuza. Dornier nao walibuni kigari ambacho Zündapp wa Nuremberg walikitoa 1957 kwa jina la Janus, kina mlango mbele na mlango nyuma, na abiria wa nyuma hukaa akitazama barabara inayoachwa. Hazikufika 7,000.

Nje ya Ujerumani damu ya ndege ilitembea vilevile. Hispania ilitumia Biscúter, iliyobuniwa na Gabriel Voisin, mmoja wa waanzilishi wa ndege wa Ufaransa; zile za mwanzo hazikuwa na milango wala rivasi, na Wahispania waliidhihaki kwa ubaya wa sura. Japani, kampuni ya ndege ya Nakajima ilivunjwa vipandevipande, na kutokana na vipande hivyo ikazaliwa Fuji, mtengenezaji wa Subaru. Italia, Piaggio waliokuwa wakitengeneza ndege walimpa mhandisi wao wa helikopta, Corradino D'Ascanio, kazi ya kubuni chombo cha bei ndogo. Akatoa Vespa mwaka 1946. Miaka miwili baadaye Vespa ikaongezewa gurudumu na sehemu ya mzigo, ikaitwa Ape. Mapema miaka ya 1960 Bajaj wa India walikuwa wakitengeneza vyombo vya matairi matatu kwa leseni ya Piaggio, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji nimweleze kilichofuata. Bajaji inayokupita kwenye foleni kushoto, pasipo na nafasi, ni mjukuu wa kiwanda cha ndege cha Kiitalia.

Yai la Bresso

Isetta yenyewe, kigari chenye umbo la yai, ingawa dunia inaijua kama BMW, ni Mwitalia. Renzo Rivolta alikuwa na kampuni ya Iso huko Bresso, karibu na Milano, akitengeneza majokofu na pikipiki. Ermenegildo Preti, aliyeibuni, alikuwa amebuni ndege zisizo na injini wakati wa vita. Ilizinduliwa Turin mwaka 1953.

Mlango wa mbele ulikuwa na hesabu zake. Kigari kifupi hivyo kinaweza kuegeshwa kikiwa kimeelekea ukingo wa barabara, unafungua mbele na kushukia moja kwa moja kwenye njia ya miguu. Usukani umeungwa kwenye mlango, ukifungua nao unakwenda pamoja. Magurudumu ya nyuma yamesogezwa karibu sana, yakiachana kwa nusu mita hivi, na kwa kuwa yako karibu hivyo hayahitaji difu, yaani gia zinazoyaachia magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona. Difu imeondoka, gharama imeondoka, uzito umeondoka. Paa la turubai linalokunjwa lilikuwa pia njia ya kutokea endapo mlango umebanwa kwenye ajali. Kwa gari ambalo magoti yako ndiyo bampa, ni vizuri kwamba mtu alilifikiria hilo.

Italia haikuipenda sana, maana kwa nyongeza ya fedha kidogo ungepata Fiat. BMW ndio waliohitaji kitu. Kampuni ilikuwa ikiuza magari makubwa ya kifahari ambayo Wajerumani wachache waliweza kuyanunua, na mauzo ya pikipiki yalikuwa yakishuka. Wakanunua haki ya kuitengeneza, wakaondoa injini ya Kiitalia na kuweka ile ya pikipiki yao ya R25, na kuanzia 1955 wakaiuza kwa karibu mark 2,600 wakati Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa karibu 3,800. Hadi 1962 zilikuwa zimetoka zaidi ya 160,000. Hazikutosha kuiponya BMW, kwani Desemba 1959 wanahisa walikutana kujadili kuiuza kwa Daimler-Benz, wakakataa, na Herbert Quandt, mwanahisa tajiri, akaongeza fedha zake. Lakini bila mapato ya yai lile sidhani kama kampuni ingefika huo mkutano. Mwaka 1966 BMW hiyohiyo ikamnunua Glas, mzazi wa Goggomobil, na leo Dingolfing ni moja ya viwanda vyake vikubwa kabisa.

Waingereza na tairi la tatu

Uingereza ilikuwa na sheria yake. Chombo cha matairi matatu chenye uzito usiozidi takriban kilo 400 kilihesabiwa na pikipiki: kodi ya barabara ndogo, kodi ya manunuzi ndogo, na leseni ya pikipiki ikatosha kukiendesha. Hii ndiyo sababu Waingereza waliendelea kung'ang'ania matairi matatu miongo mingi baada ya wengine kuachana nayo. Si mapenzi. Tairi moja likiwa mbele linayumbisha gari kwenye kona, kila fundi alilijua hilo. Lakini mfanyakazi wa kiwandani alipiga hesabu, akanunua.

Kulikuwa na kifungu kingine: hadi 1963, mwenye leseni ya pikipiki hakuruhusiwa kuendesha matairi matatu yenye rivasi. Watengenezaji wakaifunga gia hiyo. Sasa fikiria gari lenye mlango mbele tu, lisilo na rivasi, limeingizwa gereji hadi pua ikagusa ukuta.

Isetta za Uingereza zilitengenezwa Brighton kuanzia 1957, ndani ya karakana ya zamani ya vichwa vya treni. Kiwanda hakikuwa na barabara ya kufikia. Vipuri viliingia kwa reli na magari yakatoka kwa reli. Walipohamishia usukani kulia, dereva akajikuta upande uleule wa injini, kigari kikaegemea, ikabidi waongeze chuma upande wa kushoto kusawazisha. Waliondoa tairi kukwepa kodi, kisha wakaongeza uzito ili kisipinduke.

Lawrie Bond alikuwa mjanja zaidi. Bond Minicar yake, iliyotengenezwa Preston tangu 1949, ilikuwa na injini iliyofungwa juu ya gurudumu la mbele na kugeuka pamoja nalo. Matoleo ya baadaye yaligeuza gurudumu hilo nyuzi 90, kulia au kushoto, hivyo kigari kikazunguka palepale kiliposimama. Sheria ilimnyima rivasi, naye akaifanya isihitajike.

Na mwisho wa mstari huu ni Peel P50, iliyotoka Kisiwa cha Man kati ya 1962 na 1965: urefu sentimita 137, kilo 59, injini ya cc 49, taa moja mbele, mlango mmoja, nafasi ya mtu mmoja na mfuko wa sokoni. Nyuma kuna mpini wa kukivutia. Guinness wanakitambua kama gari dogo kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Zilitoka kama 50 tu, na iliyopigwa mnada huko Georgia, Marekani, mwaka 2013 ilivuka dola 100,000. Bei yake ya mwanzo ilikuwa pauni 199.

Suez, kisha kifo

Julai 1956 Gamal Abdel Nasser alitaifisha Mfereji wa Suez. Vita vikafuata, mfereji ukafungwa hadi Aprili 1957, na Uingereza ikaingia kwenye mgao wa petroli. Vigari vilivyokula lita tatu au nne kwa kilomita 100 vikawa dhahabu ghafla. Makala nyingi huanzia hapo, kana kwamba Nasser ndiye baba wa vigari hivi. Tarehe zinakataa: Isetta ni ya 1953, KR200 ya 1955, Bond ya 1949. Suez iliviongezea wateja.

Na pia iliviandalia kaburi. Leonard Lord, bosi wa BMC, kampuni kubwa ya magari ya Uingereza, alivichukia vigari hivyo vya Kijerumani barabarani mwake, akamwagiza Alec Issigonis atengeneze gari dogo la kweli. Mini ilitoka Agosti 1959: urefu mita tatu, injini ya cc 848 imelazwa kwa upana, gia chini yake, watu wanne ndani. Italia tayari ilikuwa na Fiat 500 ya Dante Giacosa tangu 1957. Ni kisa kilekile cha Austin 7 kikijirudia. Kisha mwaka 1962 serikali ya Uingereza ikashusha kodi ya manunuzi ya magari hadi ikalingana na ile ya matairi matatu, na mauzo ya Bond yakaporomoka. Ujerumani mishahara ilikuwa imepanda na Volkswagen za mitumba zimejaa. Reliant wa Tamworth peke yao waliendelea na matairi matatu hadi 2001.

Mbona Japani havikufa?

Japani iliweka daraja la kei, yaani la magari mepesi, mwaka 1949, na tangu 1955 kikomo kikawa cc 360. Suzuki ikatoa Suzulight mwaka huohuo, Subaru 360 ikaja 1958, kigari cha chini ya kilo 400 na paa la faiba. Karibu 400,000 zilitengenezwa. Zilipopelekwa Marekani mwaka 1968, wepesi wao ulizitoa nje ya masharti ya usalama ya serikali kuu, ambayo hayakugusa magari ya chini ya pauni 1,000 za uzito. Mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likazipa hukumu ya "hazikubaliki", na biashara ikaishia hapo.

Nyumbani hazikufa kwa sababu serikali ilifanya jambo ambalo Ulaya haikulifanya: iliusogeza mstari. Watu walipotajirika, kikomo kikapanda hadi cc 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990, na vipimo vya bodi vikapanuliwa, huku unafuu wa kodi ukibaki. Katika sehemu nyingi mwenye kei hadaiwi hata cheti cha kuthibitisha ana mahali pa kuegesha kabla ya kununua, ambacho mwenye gari kubwa hawezi kukikwepa. Daraja lilikua pamoja na wananchi wake.

Kirikuu inayobeba magodoro na madumu ya maji mitaani Dar es Salaam ni tunda la sheria hiyo. Suzuki Carry ina upana ule, urefu ule na cc 660 zile kwa sababu Tokyo ilisema mwisho ni hapo. Sheria hiyohiyo inasema isibebe zaidi ya kilo 350. Kariakoo hawajapata taarifa.

Ulaya nayo imerudi kwenye mchezo wake wa zamani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zina daraja la vigari vyepesi: kilo 425 bila kuhesabu betri, kilowati 6, kilomita 45 kwa saa. Citroën Ami ya umeme, iliyotoka 2020 na kuunganishwa Kenitra nchini Morocco, imekatwa kufuata namba hizo. Ufaransa kijana wa miaka 14 anaweza kuiendesha. Milango yake miwili ni kipande kimoja kilichotolewa mara mbili kwenye kalibu ileile, kwa hiyo mmoja unafungukia mbele na wa pili nyuma, na wanaoiona kwa mara ya kwanza hudhani ni mbwembwe.